Njia Nambari Saba Haina Pa Kumkwepea Mama Mkwe

Tulia, Kitui
Tarehe 6

Ndugu Mkuu wa Njia za Baiskeli, Ireland,

Na kipande cha keki cha mama yangu, kama nilivyokuwa nikikueleza karatasi ilipoisha, hakikupelekwa na bwana harusi. Bwana harusi alikuwa nje akiangalia jenereta. Jenereta ilikuwa inanguruma vizuri sana, watu wote waliisikia, lakini mume wangu Mutie aliinama mbele yake kwa shati jeupe na tai kana kwamba inazaa, mpaka msimamizi wake alipomlisha mama keki kwa niaba yake. Ndipo akarudi, akanishika mkono, na mimi nikasahau kila kitu, kwa sababu mkono wa Mutie ni mkono wa Mutie.

Naomba radhi kwamba barua yangu ya kwanza iliishia kwenye keki. Nilikuwa na siku nane tu za ndoa na sikujua kufupisha. Sasa nina siku kumi na tisa, nimetulia, nitasema shida yangu bila kuzunguka. (Jambo la kuzunguka lina nambari yake huko chini.)

Shida ni hii. Kaka yangu Mulei, anayeishi huko kwenu akifanya kazi ya kutunza wazee, ametupa zawadi ya harusi: tikiti mbili za ndege, baiskeli mbili za kuazima, na kijitabu cha ofisi yako chenye njia kumi na mbili za baiskeli katika mashamba mazuri ya Ireland. Tufanye fungate yetu juu ya baiskeli. Ndege ni tarehe ishirini na saba. Mutie ni fundi wa baiskeli hapa sokoni Tulia, na nilipomsomea kijitabu hicho machozi yalimlenga. Tulichagua Njia Nambari Saba kwa sababu inaanzia mlangoni pa Mulei. Kisha tukakumbuka kwamba mlangoni pa Mulei yuko pia mama. Alikwenda huko mwezi wa pili kulea mjukuu, mtoto wa Mulei na mkewe Syombua. Akarudi kwa harusi yetu wiki moja tu, akapanda ndege tena. Na kila siku husukuma kigari cha mtoto katika Njia Nambari Saba hiyo hiyo. Tangu tulipokumbuka jambo hilo, Mutie anasema atanisindikiza mpaka uwanja wa ndege, atanibebea sanduku, atanipungia mkono, kisha atarudi Tulia.

Ndugu Mkuu, mimi sitaki fungate ya mtu mmoja. Ndiyo sababu ninakuandikia tena, na kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza changu ni cha mtihani na hakina nafasi ya mapenzi. Karatasi hizi nazipiga picha na kumtumia Mulei kwa simu, naye atakutafsiria. (Mulei, usiruke kitu. Hata pale pa mkono wa Mutie.)

Huenda huko hamna nthoni. Kwetu Ukambani nthoni ni haya ya heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mwanamume hutoka barabarani, huingia kichakani au nyuma ya kichuguu, na hukaa humo mpaka mama apite. Si ugomvi. Ni heshima, ila ina miiba. Wengi wameiacha, hasa sisi watu wa kanisa, lakini Mutie alilelewa na babu yake kule Tseikuru, na babu huyo akimwona mama mkwe wake kwa mbali aliacha mbuzi, aliacha fimbo, aliacha hata kiatu. Pasta Ndolo alimweleza Mutie kwamba mtu akiokoka mambo hayo yamekwisha. Mutie alijibu kwamba moyo wake umeokoka kabisa, ni miguu ambayo bado. Wakati wa uchumba, alipokuwa akija kwetu Matiliku siku za soko, aliingia katika kila kichaka kati ya stendi na nyumbani. Mimi nilimjua mume wangu kwa mikwaruzo kabla sijamjua kwa sura.

Basi haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kuta na ua. Kijitabu chako kinasema kwa furaha kubwa kwamba kwa kilomita tisa msafiri atapita kati ya kuta za kale za mawe na ua mnene wenye maua meupe, "barabara ikiwa imemkumbatia pande zote mbili." Nilipokuwa msichana ningelipenda neno hilo. Sasa mimi ni mke wa mtu na ninakuuliza: mkwe atokee wapi? Nimezitazama picha zote kumi na nane. Hakuna kichaka kilichosimama peke yake. Hakuna mtaro. Hakuna kichuguu hata kimoja, jambo linalonifanya nijiulize mchwa wenu hufanya kazi gani. Mageti yapo, matatu, na kwenye geti la kwanza kuna kibao chenye picha ya fahali. Maana yake ni kwamba ofisi yako imempa mkwe nafasi ya kuchagua kati ya fahali na mama yangu. Nilimuuliza Mutie angechagua nini. Hakufikiri hata kidogo. Aliuliza tu kama huyo fahali ana pembe.

Usidhani ninalalamika bila kupima. Jumamosi iliyopita tulifanya uchunguzi. Tulichukua kilomita tisa za barabara inayotoka hapa Tulia, Mutie akiendesha, mimi nikiwa nyuma na daftari. Nilihesabu mahali mia mbili na kumi na nne pa kujifichia: vichaka, mitaro, vichuguu, mawe makubwa, na lori bovu moja. Sikuhesabu mahali sita ambapo tayari palikuwa na mtu.

2. Kona. "Kila kona ina mshangao wake," mnaandika. Sisi hatutaki mshangao. Barabara zetu nyingi zimenyooka, na mama mkwe mwenye kitambaa cha njano kichwani huonekana kwa kilomita mbili kama gari lililowasha taa. Mwanamume ana muda wa kuchagua kichaka, kuegemeza baiskeli, kumsalimia mwenye shamba, hata kupangusa mahali pa kukaa. Lakini kwenye kilomita ya kumi na moja ya njia yenu kuna mteremko, na mwisho wa mteremko kuna kona, na nyuma ya kona hiyo yuko mama na kigari. Mutie namjua. Hatashika breki. Ataruka ukuta pamoja na baiskeli. Nimeolewa siku kumi na tisa, Ndugu Mkuu, hata zawadi sijamaliza kufungua, na sitaki kuwa mjane kwa sababu ya adabu.

Tena msidhani ni mwoga. Musembi, anayeuza vipuri kibanda cha pili, humcheka mbele ya wateja. Juzi alipaza sauti: "Fundi! Lori la mchanga likija hupishi, mama wa watu akija unaruka mtaro!" Mutie hakuinua hata kichwa kwenye gurudumu alilokuwa akilifunga. Alisema, "Lori halijanizalia mke." Wateja wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimemletea chai, nikasimama pale na thermos kifuani mpaka chai ikapoa, jambo ambalo thermos hiyo inaahidi kwamba haliwezekani.

3. Kuzunguka. Huku kwetu njia huenda mahali. Mtu hutoka Tulia akafika Kitui, akauza maharagwe yake, akanunua mafuta ya taa. Njia Nambari Saba huenda kilomita arobaini na moja, haipeleki kitu, haileti kitu, na inarudi mlangoni ilikotoka. Sisemi kwamba nchi yenu haina kazi. Nasema tu kwamba katika njia iliyonyooka, ukimkwepa mtu umemkwepa. Katika duara, mama unayemkwepa kwenye kilomita ya nne unamkuta tena kwenye kilomita ya thelathini na saba, naye hajachoka. Mama hana haraka. Anaketi kwenye benchi karibu na kanisa na akina mama wa huko, na ingawa Kiingereza chake ni maneno saba, wanaongea saa nzima. Syombua anasema amewafundisha kucheka Kikamba.

Basi kila mzunguko ni kukutana mara mbili. Liweke hilo akilini.

4. Mvua. Mama hutoka kutembea kila mvua inapokatika. Nawe umeandika mwenyewe, ukurasa wa sita, kwamba siku nzuri mvua hukatika mara tano. Mara tano kwa kukutana mara mbili ni mara kumi. Tutakaa wiki mbili. Ni mara mia moja na arobaini. Babu yake Mutie, aliyeishi miaka themanini na mbili na kujificha kwa bidii, hakufikisha mia moja na arobaini maisha yake yote. Mvua yetu ni ya Novemba, kila mtu anaijua, unaweza hata kupanga harusi kuizunguka. Sisi huiombea kanisani kwa kupiga magoti, mnajua, halafu nyinyi mmeiandika kwenye kijitabu chini ya kichwa "usumbufu mdogo njiani." Lakini hilo nalisamehe. Ninachoomba ni mvua ya saa maalumu, ili mama naye awe na saa maalumu.

5. Nambari tano nimeifuta. Ilihusu zile suruali za kubana za waendesha baiskeli, na Mutie akiwa ndani ya suruali hiyo mbele ya mama. Nilipokuwa naiandika, yeye alikuwa akisoma nyuma ya bega langu. Alitoka nje kuangalia jenereta, na sisi hatuna jenereta.

6. Mmoja nyuma ya mwingine. Hapa, Ndugu Mkuu, naomba uketi. Kwa herufi nzito kabisa kijitabu chako kinaagiza kwamba penye wembamba waendeshaji wawili wasiende sambamba. Mmoja amfuate mwenzake kwa umbali wa mita kumi. Hata waliooana! Hakuna mstari mdogo chini unaosema "isipokuwa wapya." Kwa kilomita arobaini na moja niutazame mgongo wa Mutie. Ni mgongo mzuri, sina neno juu ya mgongo, lakini sikuolewa na mgongo.

Na baiskeli zenyewe, nimeona katika picha, hazina keria, kile chuma cha nyuma cha kubebea mtu au mzigo. Sijui mtu hubeba nini juu ya baiskeli isiyo na keria zaidi ya yeye mwenyewe. Mimi nilipendwa juu ya keria. Mutie alinibeba kutoka stendi ya Matiliku mpaka karibu na kwetu mara kumi na saba, akinikunjia koti lake nikalie, na kwenye kilima nilijua anavyopumua kabla sijajua jina la baba yake. Aliposikia kwamba za huko hazina, alipima vyuma, akasema atakuja na keria mkobani na kuichomelea mwenyewe. Mulei alipiga kelele kwenye simu kwamba baiskeli hizo si za chuma na zingeyeyuka. Baiskeli gani inayoyeyuka, na mnaipeleka kwenye mvua?

Sasa tazama hatari yake. Nikitangulia mimi, nitamwona mama kwanza, na siwezi kumpita mama yangu kama nguzo ya simu. Nitasimama. Ataniuliza hali, na hali ya majirani, na hali ya mbuzi mmoja mmoja, na nikianza kujibu ni nusu saa, na nyuma yangu Mutie amebanwa kati ya kuta mbili kama mbuzi ndani ya josho. Akitangulia yeye, atakutana naye uso kwa uso. Nimejaribu kwa vijiti vitatu mezani, kimoja mama, kimoja Mutie, kimoja mimi, na sufuria mbili zikiwa kuta. Kila mara kijiti cha Mutie huishia sakafuni.

Kwa hayo yote, ninaomba ofisi yako kwa heshima ifanye mojawapo ya mambo yafuatayo kabla ya tarehe ishirini na saba.

Kwanza, itoboe mapengo katika kuta za Njia Nambari Saba, kila mita mia mbili, yenye upana wa mwanamume mmoja na baiskeli moja, na kibao kinachoonyesha mtu aliyechuchumaa. Majani yaachwe mbele ya pengo, kwa heshima. Mapengo hayo yawe wazi kwa wakwe wa mataifa yote.

Kama mawe ni ya kale na hayaguswi, kigari cha mtoto kifungwe kengele kubwa, kama ya ng'ombe, isikike kona mbili mbele. Mtoto atazoea.

Kama kengele haifai, ihamisheni nyumba ya Mulei. (Mulei, tafsiri tu. Ni mfano.)

Na kama hata hilo ni zito, basi inyoosheni Ireland. Nimeiangalia kwenye ramani na si nchi kubwa. Mutie anasema rimu iliyopinda hunyooshwa spoki moja moja, unakaza hapa, unalegeza pale, na haoni kwa nini nchi iwe tofauti. Yuko tayari kusimamia kazi hiyo kutoka hapa Tulia kwa simu, mradi asilazimike kufika wakati mama yuko nje.

Sitaki uone kwamba nakuchukia. Kijitabu chako ni kizuri mno. Nakilaza chini ya mto. Ule ukurasa wenye daraja dogo na mto wa maji kweli kweli, maji yanayoonekana, si mto wa mchanga kama yetu, nimeusoma mpaka karatasi imelainika. Nikifumba macho namwona Mutie amesimama juu ya daraja hilo na kofia ya plastiki kichwani, akinichekea mimi peke yangu katika nchi ambayo hakuna anayemwita fundi. Siombi kitu kingine duniani. Ila naomba afike.

Msalimie mkeo au mumeo, na mama mkwe wako, kwa mbali. Wasalimie wote wa ofisini, hasa aliyepiga picha, na aliyepima kilomita kwa miguu yake. Wasalimie kondoo wale waliopakwa rangi ya bluu mgongoni; tulidhani ni wa sherehe. Msalimie na fahali, mwambie asiwe na wasiwasi, Mutie ni mtu mpole.

Ni mimi mwenye kuheshimu barabara zako,

Kanyiva, mke wa Mutie
(bado naona raha kuandika hivyo)

N.B. Kabla sijapiga picha karatasi ya mwisho, mama amepiga simu. Nikamweleza shida yote, kuta, kona, vijiti na sufuria. Akacheka mpaka mtoto akaamka, na Syombua akaja kuuliza nani amekufa.

Anasema: nthoni gani? Siku wazee wa upande wa Mutie walipoleta mbuzi na blanketi, yeye aliwaambia wazi wamfikishie kijana kwamba nthoni imekwisha, blanketi amelipokea, apite barabarani kama mtu. Wazee wakasema sawa mama, wakala, wakasahau. Mwaka mzima na nusu! Na alipokuwa akimwona Mutie anaruka kichakani kila wanapokutana, aliamini kijana wa watu ana ugonjwa wa mkojo. Alimwandikisha katika orodha ya maombi ya akina mama wa Matiliku. Wamefunga na kuomba kwa ajili yake Jumatano tatu. Hata wakati wa keki alimwona akitoka mbio, akamwambia jirani yake, "Bado."

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, usitoboe ukuta wowote. Kona ziacheni. Kengele msinunue. Ireland ibaki ilivyopinda.

Mutie sijamwambia. Nimemwambia tu kwamba ofisi yako imejibu na imekubali mapengo yote, kila mita mia mbili, na sasa hivi anapanga nguo sandukuni huku akipiga mbinja. Nisamehe kwa kukusemea. Lakini nikimwambia ukweli atakuwa anapita barabarani kama mtu, na wewe hujui lile ambalo sikuliandika popote hapo juu: kila aliporuka kichakani alinivuta mkono niingie naye. Tulikaa humo tumebanana, tukizuia kicheko, mpaka hatua za mama zilipopotea, na mara nyingi hata baada ya kupotea. Ndani ya kichaka cha tatu kutoka stendi ndimo alimoniuliza kama nitakubali.

Naomba basi pengo moja tu, lisilo na kibao, mahali popote mvua itakapotukuta, lenye upana wa watu wawili. Mama ataendelea kutembea na sisi tutaendelea kujificha. Tutakuja kulitafuta wenyewe, mimi na Mutie, kabla mwezi huu haujaisha.